Usiniambie pumzika, niulize nimechokaje

Wiki ya tatu baada ya operesheni nilikuwa nimekaa kwenye kistuli bafuni, mswaki mkononi, dawa ya meno nimeshaiweka juu, naukodolea macho ule mswaki kama mtu aliyeambiwa apandishe gunia la saruji ghorofani. Sikuupeleka mdomoni. Nilikaa pale labda dakika kumi, mdogo wangu akagonga mlango, "Dada uko sawa?", nikamjibu niko sawa, nimechoka tu. Nimechoka tu. Hayo maneno nilikuwa nayatamka mara ishirini kwa siku, na kila aliyeyasikia alikuwa na jibu lake tayari mdomoni, pumzika.

Nikapumzika. Na hiyo pumzika karibu initoe roho, ndio maana leo naandika.

Kwa asiyenijua, niliishi na koliti miaka sita, vile vidonda vya utumbo mpana, chooni mara kumi na tano kwa siku na damu juu yake. Mwisho dawa zikagoma, utumbo mpana wote ukatolewa, na ncha ya utumbo mdogo ikatolewa nje ya tumbo upande wa kulia, chini kidogo ya kitovu. Hiyo ncha ndio stoma, nyekundu, ina unyevu kama ndani ya shavu la mdomo, ukiigusa haiumi kwa sababu haina mishipa ya kuhisi maumivu, na juu yake nabandika mfuko. Hiyo ndio ileostomi. Mwenye kolostomi yeye kilichotolewa nje ni utumbo mpana, mara nyingi upande wa kushoto, na mambo ya maji hayamsumbui kama sisi, ila uchovu tunagawana wote.

Sasa shida niliyoigundua ni kwamba neno kuchoka limebeba mizigo mingi mno. Mtu mzima akifanya kazi siku nzima akasema nimechoka anaeleweka, alale kesho ataamka mzima. Mgonjwa wa stoma akisema nimechoka anaweza kuwa na maana ya vitu vinne au vitano tofauti, kila kimoja kina chanzo chake na dawa yake, na kimoja kati ya hivyo ukikilalia kitandani kinakuua taratibu huku watu wananyata kwenye korido wasikuamshe. Mi si daktari, nasema niliyoyapitia na niliyoelezwa na wanaojua.

Uchovu wa kwanza ni wa kidonda chenyewe, na huu hauna ubaya. Umefunguliwa tumbo, umepigwa nusu kaputi masaa kadhaa, mwili unashona nyama ndani na nje, siku nyingi hujala vya kutosha, misuli imepungua hata kabla hujaingia chumba cha upasuaji kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Hapo mwili unachukua kila senti ya nguvu unayoingiza unaipeleka kwenye ukarabati, wewe unabakiwa na chenji. Huu ndio uchovu ambao pumzika ni dawa yake kweli. Kwangu ulikuwa unakuja kama wimbi, nimekaa vizuri naongea na mtu, ghafla macho yanafunga, sio usingizi, ni kama mtu kazima taa. Madaktari walinipa wiki sita hadi nane za kupona jeraha, lakini wenye uzoefu wakaninong'oneza kwamba nguvu zenyewe hesabu miezi, wengine mwaka. Nilikasirika kuambiwa vile. Nilikuwa na mipango yangu.

Na hapa niseme kidogo kuhusu wageni, nawapenda sana lakini wageni wanachosha jamani. Mtu anakuja kukupa pole, unajikaza ukae wima, unatabasamu, unasimulia operesheni kwa mara ya tisa kuanzia mwanzo, mfuko umejaa na unaona aibu kuinuka, akiondoka umelala hadi kesho mchana. Mama yangu ndio alikuja kuwa mlinzi wa mlango. Alikuwa anawapokea yeye, anawakalisha, anawaambia "mgonjwa anawasalimu, ana robo saa tu", na robo saa ikiisha anaingia na kuanza kutandika kitanda nikiwa bado nimekaa juu yake. Ujumbe ulikuwa unafika.

Kutembea nako ni sehemu ya dawa ya uchovu huu wa kwanza ingawa kunasikika kichekesho, umechoka alafu unaambiwa tembea. Ila ukilala tu misuli inazidi kuyeyuka na damu inaweza kuganda miguuni. Nilianza na kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi. Alafu hadi mlango wa nje. Alafu dakika tano kwa saa ya mkononi, na kila baada ya siku mbili tatu naongeza dakika moja au mbili. Kubeba vizito ndio hapana kabisa, birika lililojaa maji ndio ulikuwa mpaka wangu kwa zile wiki za mwanzo, kwa sababu ukuta wa tumbo pale walipopitisha utumbo umebaki dhaifu na ngiri inapenda sana kuchungulia pembeni ya stoma.

Kosa langu kubwa kwenye huu uchovu lilikuwa siku nzuri. Siku mbaya haina madhara, siku mbaya unalala na unajua umelala. Siku nzuri ndio ya kuogopa. Unaamka mwepesi, unasema leo nimepona, unafua vinguo viwili, unapanga kabati, unapiga simu sita, unakaa na familia sebuleni hadi saa nne usiku, alafu siku tatu zinazofuata hata kijiko unaona kizito. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, ila mi kibaba changu nilikuwa nakijaza kwa haba wiki nzima na kukimwaga kwa mkupuo Jumamosi moja. Ikabidi nijiwekee sheria ya kijinga lakini imenisaidia sana, siku nzuri naacha kazi nikiwa bado nina hamu ya kuendelea. Kabati likiwa nusu limepangwa na nusu halijapangwa, naondoka. Ilinikera mno, mi ni mtu wa kumaliza vitu.

Haya, sasa twende kwenye ule ulionipeleka sakafuni.

Siku ya kumi na tano nikaamua kwa kiburi changu kuacha dawa za maumivu zenye kodeini, manake zilikuwa zinanilewesha nikaona hizi ndio zinanichosha, nikiacha nitachangamka. Sikumuuliza mtu. Kumbe kodeini ina tabia ya kuzubaisha utumbo, inapunguza mwendo wake, ndio maana wengine wanafunga choo wakizitumia na wengine wenye stoma wanapewa makusudi. Mimi nilipoacha ghafla utumbo ukapata mbio. Mfuko niliokuwa namwaga mara sita kwa siku nikawa namwaga mara kumi, kumi na mbili, na kinachotoka ni maji, maji kabisa, ukifungua ule mdomo wa chini unasikia kama bomba limefunguliwa.

Kiu ikaja ile ambayo midomo inanata. Nikafanya anachofanya kila mwenye akili timamu, nikanywa maji. Lita tatu, lita nne, mama ananijazia chupa kichwani kwa kitanda, "kunywa mwanangu, maji ni uhai", na kadri navyokunywa ndivyo mfuko unavyojaa, nanywa najaa namwaga, nanywa najaa namwaga. Nikaacha kutembea. Miguu ikawa inakaza usiku mpaka napiga kelele. Mkojo rangi ya chai ya rangi iliyokolea na haufiki hata kikombe kimoja kutwa nzima. Na bado nikiulizwa hali nasema nimechoka tu, na bado naambiwa pumzika, na mi nalala. Yule wa kwenye kistuli na mswaki ndio nilikuwa huyo wa siku hizo.

Kilichoniokoa ni simu ya nesi wa stoma, alikuwa anapiga tu kujua mfuko unashika vizuri au unavuja. Nikamwambia unashika, ila nimechoka. Yeye hakusema pumzika. Akaniuliza, "Umechokaje dada?"

Nikakosa jibu. Nimechokaje tena?

"Ukiwa umelala hivi unajisikiaje? Na ukisimama inakuwaje? Mkojo rangi gani? Kwenye mfuko umemwaga mililita ngapi tangu jana?"

Mililita! Nikamwambia sijui mi namwaga tu chooni naflashi. Akasema tafuta jagi lenye alama za vipimo, kuanzia sasa kila ukimwaga pima uandike, lakini kabla ya hilo hebu simama kidogo nikiwa hapa kwenye simu uniambie unavyosikia. Nikasimama. Sikuwahi hata kumwambia nimesimama, nilijikuta sakafuni shavu kwenye vigae vya baridi, na simu iko chini ya kitanda inaongea peke yake, dada, dada, hebu nipe mtu mwingine hapo nyumbani.

Nililazwa, dripu juu ya dripu. Damu ikaonyesha sodiamu iko chini, magnesiamu iko chini zaidi, ndio iliyokuwa inanikaza miguu, na figo zimeanza kulalamika. Wodini wakapima nilichotoa masaa 24 ya kwanza, mililita 2300. Na asubuhi ya siku ya pili nikapiga mswaki nimesimama, mbele ya kioo, mpaka mgongo wa ulimi. Kidonda kilikuwa kilekile na operesheni ileile, ni maji na chumvi tu ndio vilivyoongezeka.

Daktari mmoja kijana akaja kunielezea akakaa kabisa pembeni ya kitanda, Mungu ambariki. Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kurudisha maji na chumvi mwilini, lita moja na ushee kila siku. Mimi huo sina tena. Utumbo mdogo unajifunza taratibu kushika baadhi ya hiyo kazi lakini hauwezi kuwa utumbo mpana. Ileostomi iliyotulia inatoa kama mililita 500 hadi 800 kwa siku, wapo wanaofika 1000 na wako salama. Ikivuka 1500 ndani ya masaa 24, hiyo sio ya kusubiri kesho, unapiga simu.

Alafu kilichonishangaza ni habari ya maji matupu. Utumbo mdogo kule juu unapitisha vitu pande zote mbili, kuingia na kutoka. Ukiumwagia maji mengi yasiyo na chumvi, wenyewe unatoa chumvi ya mwilini kuja kuyasawazisha, na alafu vyote viwili vinatokea mfukoni. Kwa hiyo ile "kunywa mwanangu" ya mama, kwa mapenzi yote, ilikuwa inanikamua. Kinachotakiwa ni chumvi na sukari pamoja kwenye maji, kwa sababu chumvi inavuka ukuta wa utumbo imeshikana mikono na sukari, na maji yanawafuata nyuma. Ndio siri ya ORS, ile ile ya watoto wanaoharisha. Mimi walinipangia maji matupu yasizidi nusu lita kwa siku mpaka hali itulie, mengine yote ORS, kwa kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, sio kugugumia. Pakiti zikikosekana kuna ile ya nyumbani, lita moja ya maji safi ya kunywa, sukari vijiko vidogo sita vya kusawazisha na chumvi nusu kijiko kidogo, pima kwa kijiko usikisie kwa mkono. Wengine wenye kutoa sana wanapewa mchanganyiko mkali zaidi ya huo na madaktari wao, na mwenye presha, moyo au figo aulize kwanza kabla hajaanza kunywa chumvi. Wakaniongezea na loperamaidi nusu saa kabla ya chakula, kupunguza mwendo.

Ladha yake? Kama machozi yenye sukari. Ikiwekwa kwenye friji inapungua ubaya kidogo.

Sasa hivi uchovu wa maji naujua sura. Unapanda ukisimama na unashuka ukilala, ndio maana ni mwongo, unakufanya udhani kulala kunakusaidia. Moyo unadunda ukitoka tu kitandani. Mdomo mkavu, mkojo mweusi na mchache, misuli inakaza. Na mizani, hii mizani nisingeiamini bila kuiona, uzito ukishuka kilo moja au zaidi kwa siku moja mbili hayo ni maji yameondoka, mafuta hayana mbio hizo. Jagi langu liko bafuni mpaka leo, limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito USINYWEE, baada ya tukio ambalo sitalisimulia.

Nilidhani basi nimeshajua kila kitu. Nikarudi nyumbani, mfuko unatoa mililita 700, mkojo mweupe, sizunguki kichwa, na bado nikipanda ngazi kumi na mbili lazima nisimame katikati nishike ukuta nahema kama nimekimbizwa. Safari hii nilikuwa mjanja kidogo, nikajiuliza mwenyewe, umechokaje? Sio kizunguzungu. Ni pumzi. Pumzi haitoshi na moyo unapiga masikioni, na kope kwa ndani nikizivuta kwenye kioo nyeupe.

Ilikuwa damu. Miaka ya kutokwa damu chooni, juu yake operesheni, himoglobini, kile kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 8.4 wakati mwanamke anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Nilikuwa nimepewa vidonge vya madini ya chuma tangu siku ya kutoka hospitali na nilikuwa navinywa kwa uaminifu, kila asubuhi. Sasa siku moja namwaga mfuko kwenye jagi nasikia kitu kimegonga, ko. Naangalia, kidonge changu. Kizima, kinang'aa, hata rangi haijatoka. Nilicheka mpaka mshono ukauma, kumbe mwezi mzima nilikuwa navisafirisha tu vidonge kutoka mdomoni hadi chooni. Dawa zenye ganda gumu au zile za kuachia polepole zinahitaji safari ndefu ya utumbo na sisi safari yetu imefupishwa, kwa hiyo ukiwa na ileostomi kila ukiandikiwa dawa mpya sema una ileostomi, uliza hii itayeyuka kwangu? Mimi wakanibadilishia nikawekewa chuma kwa mshipa. Usitegemee miujiza ya kesho yake, mwili unahitaji wiki kadhaa kutengeneza damu mpya, ila wiki ya tano nikapanda ngazi zote kumi na mbili nikiwa naongea na simu, nikagundua nimeshafika juu.

Waliokatwa pia kile kipande cha mwisho cha utumbo mdogo wao wana mtihani mwingine wa vitamini B12, inanyonywa palepale, kipande kikiondoka inabidi sindano, na upungufu wake unachukua muda mrefu kujionyesha, mtu anaanza kuchoka na kupata ganzi ya vidole mwaka wa pili wa tatu alafu haunganishi na operesheni. Na wenye koliti kama mimi waliokuwa wanatumia prednisoloni, dawa ya steroidi, muda mrefu, ile inapunguzwa kwa ngazi sio kuacha, tezi za mwili zimezoea kuletewa homoni kutoka nje na zinachukua muda kuamka, ukiiacha ghafla unaanguka vibaya. Hili nilibahatika sikulikosea, kwa kodeini nilikuwa nimeshapata somo.

Usingizi nao. Mfuko haujui usiku. Mwanzoni nilikuwa naamka mara nne, mara moja kuumwaga na mara tatu kushika kuhakikisha haujafumuka, mkono unaenda wenyewe tumboni hata ndotoni. Ule uvujaji wa kwanza wa saa tisa usiku, mashuka yote, nguo zote, mimi nalia na mdogo wangu anabadilisha godoro bila kusema neno, baada ya hapo usingizi wangu ukawa wa mlinzi wa getini. Unaupata uchovu wa kichwani sasa, mwili una nguvu kidogo lakini akili ina ukungu, unafungua friji unasahau ulifuata nini.

Na kiini cha uvujaji kilikuwa uchovu wenyewe, ndio uchungu wake. Kubadilisha mfuko kulikuwa kunanimaliza, kusimama, kusafisha, kupima, kukata tundu la bamba, ile sehemu ya mfuko inayonata kwenye ngozi, kwa mkasi mikono inatetemeka. Nikaona nipunguze kazi, wiki ya pili nikapata kanguvu, nikakaa nikakata mabamba kumi kwa mpigo, saizi ileile, nikayapanga kwenye boksi, najiona fundi. Hakuna aliyenikumbusha, au walinikumbusha sikusikia, kwamba stoma inasinyaa kwa zile wiki sita nane za kwanza. Wiki ya nne matundu yangu yote yalikuwa mapana kuliko stoma, ngozi ya pembeni imebaki wazi inaunguzwa na majimaji ya utumbo, imekuwa nyekundu inachuruzika, bamba halishiki kwenye ngozi yenye majimaji, likawa linafumuka. Kwa hiyo sikulala kwa sababu ya muwasho na sikulala kwa hofu, yote kwa ajili ya kuokoa dakika tano za mkasi. Sasa hivi stoma imetulia saizi nakata mengi kwa mpigo bila shida. Mwanzoni pima kila wiki, kata mawili matatu tu.

Kingine kilichonisaidia, kubadilisha asubuhi kabla sijatia kitu tumboni, stoma ikiwa imetulia, na nimekaa. Nani alisema lazima usimame? Chakula cha usiku nikakirudisha nyuma kiwe mapema na kiwe kidogo, cha mchana ndio kikawa kikubwa. Na nikaweka alamu moja ya saa nane usiku, namwaga hata kama haujajaa, nusu unatosha, narudi kulala. Alamu moja ninayoijua imenipa usingizi mwingi kuliko kuamka mara nne kwa wasiwasi. Mchana nalala nusu saa, nikizidisha usiku nageuka bundi.

Bado mmoja, na huu nilichelewa sana kuukubali. Ilikuwa mwezi wa nne baada ya operesheni. Maji sawa, damu imepanda 11.6, nalala masaa saba, na bado sitaki kuinuka. Mume wangu ananiuliza twende tukanyooshe miguu, nasema nimechoka. Rafiki anapiga, naiangalia simu inavyoita hadi ikate. Mume wangu anasogea karibu usiku, nageukia ukutani, nimechoka. Nikajiuliza lile swali la nesi, umechokaje, na jibu lilivyokuja sikulipenda, kwa sababu huu uchovu haukupanda nikisimama wala haukuwa kwenye ngazi. Ulikuwa unakuja pale tu kitu kinapohitaji mtu anione. Nilikuwa sijachoka mwili, nilikuwa nahuzunika na naona haya, na nimechoka ni neno la heshima, hakuna anayekuhoji ukilisema. Ukisema naogopa mume wangu asione mfuko, utaulizwa maswali. Ukisema nimechoka utafunikwa shuka.

Nilienda kuongea na mtu wa ushauri nasaha mara sita. Sitaandika tuliyoongea. Ila kabla ya hapo nilimwambia kwanza yeye, mume wangu, gizani ili nisimwone uso, kwamba sio uchovu. Akakaa kimya muda, alafu akasema "mi nilidhani nakuchosha mimi". Miezi minne tumelala kitanda kimoja kila mtu na dhana yake.

Kazini nilirudi mwezi wa tano nusu siku, na hapo nikajifunza kwamba mikutano inachosha kuliko ngazi, sijui kwa nini hakuna daktari aliyenionya kuhusu mikutano. Nilikuwa nafanya mambo magumu asubuhi, saa sita mchana kichwa kinafunga duka. Nilimwambia bosi wangu ukweli nusu, "nimefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo, nguvu zinarudi taratibu, nitahitaji choo karibu", akatosheka. Sio lazima kila mtu apewe ramani ya tumbo lako.

Sasa ni mwezi wa kumi. Bado kuna siku nagonga ukuta saa tisa alasiri, hasa wiki yenye joto, na joto likizidi najua kabisa kwanza naenda kwenye ORS ndio baadaye nijihukumu. Nyumbani wameshanizoea, pumzika imepigwa marufuku kama jibu la kwanza. Jana mama kanipigia, sauti yangu ikawa chini kidogo, hakuchelewa.

"Umechoka?"

"Nimechoka mama."

"Ipi? Ya maji?"

"Hapana."

"Ya moyo?"

"Hapana mama, usiku nilikesha naangalia tamthilia."

Akanikatia simu.